Mvua ya Mahindi, Mbuzi wa Kweli

Watu wa kwaya bado wananiuliza: kati ya ile filamu na mchezo wetu wa jukwaani, kipi kilikuwa kizuri zaidi? Wananiuliza mimi kwa sababu filamu niliitazama mpaka nikaikariri, na kwa sababu mchezo wenyewe niliusimamia nyuma ya pazia tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Huwa najibu kwamba wenzetu walikuwa na picha nzuri, sisi tulikuwa na sauti nzuri. Wanaridhika na kwenda zao. Jibu la kweli ni refu na linaniuma kulitoa, ndiyo maana sijawahi kumpa mtu yeyote hapo mlangoni pa kanisa.

Filamu ilikuwa ya kigeni, imetiwa sauti za Kifaransa, ya mapenzi na vichekesho. Msichana anashona magauni ya arusi. Kijana anaendesha gari la mikate. Kila asubuhi kijana anaegesha gari lake mbele ya dirisha la msichana, anamzibia mwanga, na wanagombana mpaka majirani wanatoa vichwa nje. Msichana ana mchumba, daktari wa meno, mtu safi ambaye hana kosa lolote ila anachosha. Mwisho msichana anakwenda stesheni apande treni na daktari wake. Kijana, ambaye saa nzima alikuwa akijifanya hajali, anagundua kwamba hawezi kuishi bila ugomvi ule wa asubuhi. Anaacha gari katikati ya barabara na kukimbia kwenye mvua. Anafika treni ikianza kutembea, anaita, msichana anashuka, wanabusiana. Hadithi ndiyo hiyo tu, hata mtoto angeielewa.

Niliitazama mara ya kwanza nyumbani kwangu hapa Kolwezi, Jumapili baada ya misa, pamoja na mwanaume niliyekuwa nikimpenda. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, kama nilivyo hadi leo. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na sauti ya tatu kwenye kwaya yetu. Mji huu watu huitana mama na tata, yaani baba, hata kama wamelingana umri, ni heshima tu. Yeye hakuniita mama hata siku moja. Aliniita mwenzangu, na alilisema neno hilo kwa namna ambayo nilikuwa nikijichelewesha jikoni kusudi aniite tena.

Siku hiyo umeme ulikatika kijana wa mikate akiwa katikati ya mvua, viatu vimejaa maji, stesheni bado iko mbali. Nilipiga kelele kama watoto wangu wa shule. Yeye alicheka.

"Usilie," akasema. "Atafika tu. Mwanaume anakimbia vile, atafika tu."

Tuliitazama tena mara nyingi baadaye, mwisho wake ukiwemo. Lakini mwisho ninaoukumbuka ni ule wa gizani, tukiwa tumekaa mbele ya televisheni iliyozimika, na yeye akiniahidi kwa niaba ya mtu wa kwenye filamu.

Sasa niseme habari za mbuzi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na ukoo wao umezaliwa na kuzikwa hapa tangu hapo. Yeye mwenyewe Kasai hakuijua hata kwa picha. Mama yake, ambaye alikuwa mjane, aliijua kwa ajili ya wote. Alitaka mkwe wa kwao. Mimi ni mtoto wa Lubudi, baba yangu analima karibu na njia ya reli, na lugha ya kwao mama yule nilikuwa naijua salamu tu. Hakunitukana kamwe, siwezi kumsingizia. Alikuwa akinikaribisha, ananipa kiti, halafu anazungumza na wengine.

Mwanaume wangu alibembeleza kwa mwaka mzima hadi baba yake mdogo akakubali kusimamia mambo. Mzee huyo alinunua mbuzi wa posa, wa kahawia, sikio moja jeupe, akamfunga uani kwake. Mvua zikiisha na barabara ikikauka, wangempeleka Lubudi kwa baba yangu. Jumamosi nilikuwa nikimpelekea yule mbuzi majani ya viazi vitamu. Wenzangu shuleni walinicheka kwamba nalisha mahari yangu mwenyewe, nami nilikubali kuchekwa, maana furaha niliyokuwa nayo ilitosha kuvumilia mengi.

Katikati ya masika hayo kiongozi wa kwaya alikuja kwangu, akaiona filamu, akapagawa. Alisema sikukuu ya kwaya mwaka huo haingekuwa ya nyimbo kavu kavu. Tungeigiza hadithi ile jukwaani, nzima nzima, kwa nyimbo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua neno kwa neno, nilipewa kazi ya kuigeuza kwa Kiswahili. Niliifanya kwa majuma kadhaa, jioni baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, na sijawahi kufanya kazi nyingine kwa raha kiasi kile.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti. Katika filamu kijana anapoumia, kamera inamsogelea usoni na sisi tunaelewa. Jukwaani mtu wa benchi la nyuma haoni uso, anaona shati. Kwa hiyo kila alichokificha kijana wa filamu, wa kwetu ilibidi akiimbe. Niliandika wimbo wa kijana kukiri kwamba anapenda ugomvi wa asubuhi, na sikuhitaji kutafuta maneno mbali. Gari la mikate likawa pikipiki ya teksi. Daktari wa meno akawa mnunuzi wa madini, na watu walimzomea kabla hajafungua mdomo. Stesheni ilibaki stesheni. Ila katika filamu treni inaondoka kwa wakati, jambo ambalo huku kwetu halijaonekana, na hapo wanakwaya wote waliangua kicheko kuliko kwenye utani wowote uliomo.

Tofauti kubwa ilikuwa majirani. Katika filamu hawa wawili hawana shangazi, hawana wajomba, hakuna mtu anayewauliza wanatoka wapi. Wanapendana kama watu waliookotwa. Kwetu mchezo wa namna hiyo usingeeleweka, basi nikaijaza kwaya jukwaani iwe majirani, iseme maneno yote ambayo mtaa husema. Na busu je? Kiongozi alikohoa. Mama mmoja wa sauti ya pili ndiye aliyelimaliza jambo hilo.

"Busu njo inaoa mutu?" aliuliza. "Bantu batarudi kwabo banasema, alors, kisha?"

Kweli, watu wangerudi kwao wakiuliza kisha ikawaje, basi kiongozi akaamua: mahali pa busu pataletwa mbuzi. Kijana akishafika stesheni na kumsimamisha msichana, wazee wake wanaingia na mbuzi, baba wa msichana anamuuliza binti yake kama apokee, binti anakubali, baba anashika kamba, kwaya inaimba, mwisho. Nilikubali kwa moyo wote. Hata sasa naamini kwamba kwa mchezo ilikuwa sahihi kuliko busu.

Mwanaume wangu akapewa nafasi ya kijana, nani mwingine angeipata. Nafasi ya msichana haikuweza kuwa yangu, sauti yangu ni ya kuitia watoto waliotawanyika uwanjani. Akapewa dada mmoja wa sauti ya kwanza, mdogo kwangu kwa miaka michache, mpole, ambaye akiimba hata wavulana wa ngoma walikuwa wakisahau kupiga. Baba yake, mstaafu wa reli na sauti ya nne, alicheza baba, kwa sababu hatukuwa na mwingine aliyefanana na baba kiasi kile. Familia yao ilikuwa imetoka upande uleule wa Kasai walikotoka wakwe zangu watarajiwa. Hakuna aliyelifikiria hilo, au pengine wapo waliolifikiria wakanyamaza.

Mimi nikawa mvua. Nilichukua ungo, nikatia mahindi makavu, chini nikalaza kipande cha bati. Ukiuinamisha ungo taratibu, mahindi yanatembea na kutoa sauti ya manyunyu. Ukiutikisa na kuacha punje chache zidondoke kwenye bati, mvua inakuwa ya mawe. Ukizidisha, inasikika kama mtu anapepeta tu, na uongo unajulikana. Nilifanya mazoezi mpaka mikono ikaniuma, kwa sababu mvua hiyo ilikuwa inamnyeshea yeye.

Mbuzi wa kuigizia hatukuwa naye. Baba mdogo wa mwanaume wangu akasema, kwa wema kabisa, kwamba yule mbuzi wa kupelekwa Lubudi ni mtulivu, amezoea watu, mwacheni aje siku hiyo, jioni atarudi uani. Mimi mwenyewe nilimfunga utepe shingoni.

Ukumbi wa parokia ulijaa Jumapili hiyo hadi watoto wakakalia madirisha. Mchezo ulikwenda kuliko mazoezi yote. Alipokimbia palepale bila kusogea, katikati ya jukwaa, akiimba wimbo wangu, mimi nyuma ya pazia nikitikisa ungo, niliwasikia akina mama wakimhimiza: kimbia, baba, kimbia! Machozi yalinitoka kwa fahari. Kisha baba yake mdogo akaingia na mbuzi. Mstaafu wa reli akamgeukia binti yake na kuuliza mara tatu, kama inavyoulizwa katika ukoo wao, mbele ya mashahidi.

"Mwana wangu, tupokee hii mbuzi ya bwana huyu?"

"Mupokee, tata," akajibu binti, mara tatu. Maneno yalikuwa yangu, niliyaandika mimi.

Vigelegele vilipasua ukumbi. Kwa jinsi tulivyopanga, mzee alipaswa kushika kamba, kuimba ubeti mmoja, na kumpitisha mbuzi nyuma ya pazia, mkononi mwangu. Nilikuwa nimeweka ungo chini na kunyoosha mkono. Lakini shangazi wa kweli wa yule binti walikuwa wameshainuka kwenye mabenchi. Walipanda jukwaani wakicheza, wakitandika kanga sakafuni mzee apite, na nikauona uso wa mzee ukibadilika. Hakuwa akiigiza tena. Alishuka na kamba yake ngazi za mbele, akapita katikati ya watu, akatoka mlangoni juani, mbuzi akimfuata kwa utulivu wake uleule, na wanawake nyuma wakiimba. Watu walisimama wakapiga makofi. Walisema hawajaona mwisho mzuri namna ile. Nami nilipiga makofi.

Jioni mbuzi hakurudi. Kiongozi wa kwaya alikwenda kumwulizia, na mimi nilikuwa naye. Mzee wa reli alitupokea vizuri, akatutolea viti, na alipozungumza hakuwa na ujeuri hata chembe. Alikuwa na hofu.

"Kiongozi, mi nilishika kamba," alisema. "Nikirudisha mbuzi sasa, njo kusema nimekatala bwana, na bantu yote beko banaona. Kwetu haifanyike. Mutoto yangu, kesho nani atakuja kumuomba?"

"Lakini tata, ilikuwa teatre, mchezo tu," akasema kiongozi.

"Mbuzi haikukuwa ya teatre."

Wiki hiyohiyo wakamchinja. Paja likaenda kwa wajomba, shingo kwa shangazi, kila sehemu kwa mwenye haki yake, na kipande kimoja, kwa adabu, kikapelekwa kwa mama yake mwanaume wangu. Aliyenipa habari hiyo alisema mama yule alikula akiwa amekaa wima, akicheka, wakati tangu mwaka uliopita alikuwa akilalamika tumbo.

Mwanaume wangu alikuja kwangu siku iliyofuata, ameshika kofia yake ya kazi mkononi.

"Mwenzangu, usisumbuke roho. Batatuita kwenye kikao, nitasema ilikuwa teatre. Neno moja tu, na itaisha."

Ilikuwa kweli. Neno moja lingetosha. Baba yake mdogo alikuwa upande wetu, mbuzi mwingine angepatikana, mzee wa reli angeomba radhi na kuombwa radhi, na heshima ya binti ingelindwa kwa sababu aliyekataa angekuwa mwanaume mwenyewe, aliyekwisha kuahidi kwingine. Walinieleza hivyo watu wenye kujua. Yote yalisubiri yeye aseme.

Kikao kilifanyika kwa baba yake mdogo. Wanaume walikaa sebuleni, mama yake akiwa pamoja nao, sisi wanawake wengine tulikuwa jikoni upande wa pili wa dirisha tunatwanga sombe, majani ya mihogo. Sikualikwa rasmi, nilikwenda kusaidia, na hakuna aliyenifukuza. Nilimwona mgongo tu. Mazungumzo yalizunguka kama yanavyozunguka, mpaka baba yake mdogo akaweka chupa chini na kumgeukia.

"Sasa sema weye mwenyewe, mwana. Ile siku ulikuwa unaimba teatre, ao uliomba bibi?"

Mchi ulisimama mkononi mwangu. Katika filamu pia kuna ukimya kama huo, kabla kijana hajaliacha gari. Muziki unapigwa chini chini, na mtazamaji anajua ni suala la muda. Pale jikoni hakukuwa na muziki. Nilimtazama mgongo wake nikisema moyoni, atafika tu, atafika tu. Nilimwona anageuza kichwa kumtazama mama yake. Nilimwona anainama kutazama viatu vyake.

"Mi sina mingi ya kusema," akasema. "Sawa vile bakubwa banaona."

Viti vikasogezwa, watu wakapumua, mtu akacheka. Mama mmoja jikoni aliutoa mchi mkononi mwangu polepole, akaendelea kutwanga yeye. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita pale alipokuwa akifungwa mbuzi, kigingi kilikuwa bado kimesimama na majani niliyoleta mwisho yamekauka.

Kwa muda mrefu niliulaumu ule mchezo. Nilisema laiti tungeacha busu kama lilivyokuwa, pangetokea minong'ono ya wiki moja na mambo yakaisha. Leo siamini hivyo tena. Mbuzi hakunichukulia mtu, wala yule mzee mwenye hofu, wala mama aliyetaka mkwe wa kwao. Niliumia kwa sababu mtu niliyempenda aliulizwa swali jepesi mbele ya dirisha nilipokuwa nimesimama, naye alikuwa amechoka kunitetea. Pengine alikuwa amechoka kitambo, na mbuzi akampa pa kupumzikia. Nalia nikiliandika hili, na si kwa sababu sijapata mwingine.

Yule dada alinijia kabla ya arusi. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Yaya, mi nilisema tu maneno yako," alisema, akiniita kama dada yake mkubwa.

"Najua," nilimwambia. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Alikuwa amependeza, na alikuwa anaogopa.

Walipokwisha kuoana, habari ilisambaa, na kila parokia ikataka kuona mchezo ulioozesha watu. Walitualika Musonoi. Kiongozi alikuja kwangu akizungukazunguka maneno, mwisho akasema amejaribu watu wawili kwenye ungo, na mvua yao inasikika kama watu wanapepeta. Nilimjibu kwamba nitakuja. Watu walidhani nina moyo mgumu. Ukweli ni kwamba ule mchezo ulikuwa wangu, niliuandika mimi, na sikuwa tayari wauchukue nao.

Kwa hiyo, filamu au mchezo? Filamu inaishia stesheni. Haituonyeshi daktari wa meno akirudi nyumbani na mizigo yake, na mimi miaka ile yote nilikuwa nikimcheka mtu yule. Mchezo wetu ulinionyesha anakokwenda. Huko Musonoi, mwanaume alikuwa mume kweli, msichana alikuwa mke kweli, na watu wakijua hivyo walishangilia tangu ugomvi wa kwanza. Mbuzi, mara hii, alikuwa wa katoni, amepakwa rangi ya kahawia. Hakukuwa tena na haja ya wa kweli. Mchoraji alikuwa amekumbuka hata sikio jeupe.

Wakati wa kukimbia ulipofika, yule mwanaume alisogea pembeni mwa jukwaa kusubiri ngoma, akawa hatua moja kutoka kwangu, pazia tu katikati. Nilisikia harufu ya vyuma ambayo sabuni haiitoi. Nilianza na manyunyu, kama kawaida. Akageuza kichwa kidogo, bila kunitazama machoni, akaninong'oneza kwa heshima zote.

"Mama, ongeza mvua kidogo."

Nikaongeza.